Jua Lililogawanyika: Ujirudiaji wa Ishara katika Masimulizi ya Kale ya Eneo la Babati na Hatima Yake katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza ishara zinazojirudia katika masimulizi ya kale ya Wairaqw, jamii ambayo pamoja na Wagorowa imekuwa sehemu ya sura ya mji wa Babati, mkoani Manyara. Ishara zinazoshughulikiwa ni jua, maji, na nje ya mpaka. Hoja kuu ni kwamba msikilizaji hutambua ujirudiaji wa ishara kwa sababu neno lilelile linamrudia sikioni. Neno hilo likigawanyika katika lugha ya pili, ishara hubaki lakini ujirudiaji wake hupotea. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mawasiliano mjini Babati, kimeyapa masimulizi hayo hadhira pana, na wakati huohuo kimekata baadhi ya nyuzi zilizoyaunganisha. Makala inapitia historia ya ukusanyaji wa masimulizi hayo, inachambua kisa cha Guser-Twalay, inakilinganisha kwa ufupi na kisa cha Fumo Liyongo, na kuhitimisha kwa kueleza wajibu wa mkusanyaji na mfasiri.

Utangulizi

Ishara haizaliwi siku inapotajwa kwa mara ya kwanza. Kitu kinapotajwa mara moja katika hadithi ni kitu tu: mto ni mto, na njia ni njia. Kinapotajwa mara ya pili na ya tatu, katika mazingira yanayofanana au yanayopingana, msikilizaji huanza kuuliza kwa nini kimerudi. Swali hilo ndilo mwanzo wa ishara. Katika kazi ndefu zenye juzuu nyingi, kama zile za kifantasia ambazo J. R. R. Tolkien alizichapisha kati ya mwaka 1954 na 1955, mwandishi ana uwezo wa kuhakikisha kwamba pete inaitwa pete kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji anaweza kurudi nyuma, akafungua juzuu iliyotangulia, akalinganisha.

Masimulizi simulizi hayana kurasa za kurudia. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu watambaji wa tendi wa Ulaya ya Kusini-Mashariki, alionesha kwamba mtambaji hutunga papo hapo kwa kutumia mafungu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Kwa msingi huo, kurudiarudia ni nyenzo ya utunzi, ni msaada wa kumbukumbu, na pia ni njia ya kumwongoza msikilizaji. Msikilizaji wa kisa cha leo anabeba sikioni maneno ya kisa cha jana. Visa ambavyo kwa mtu wa nje vinaonekana kuwa vipande vilivyotawanyika, kwake ni mfululizo mmoja.

Swali linalojadiliwa hapa linatokana na hali hiyo. Ikiwa ujirudiaji hukaa katika neno, hutokea nini pale mfululizo wa visa unapohamia katika lugha nyingine ambayo haina neno moja la kubeba mzigo uleule? Eneo la Babati linatoa mfano mzuri wa kulichunguza swali hilo, kwa sababu pale Kiswahili si lugha ya vitabuni tu, bali ni daraja linalovukwa kila siku na watu wenye lugha za asili mbalimbali.

Babati na makutano ya lugha

Mji wa Babati uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya mlima Kwaraa, katika njia kuu inayotoka Dodoma kwenda Arusha, mahali inapopokea barabara ya Singida. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, Babati imekuwa makao makuu ya mkoa. Wakulima, wafugaji, wafanyabiashara na watumishi wa serikali wanaokutana sokoni na maofisini huzungumza Kiswahili. Lakini majumbani na vijijini kote kuuzunguka mji kuna lugha zisizo na nasaba moja.

Kiiraqw na Kigorowa ni lugha za Kikushi cha Kusini, na ukaribu wake ni mkubwa kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana bila taabu kubwa. Kidatooga, kinachozungumzwa na Wabarabaig na ndugu zao kuuzunguka mlima Hanang, ni lugha ya Kinailoti. Kirangi na Kimbugwe ni lugha za Kibantu. Ukisogea kidogo kuelekea kusini na magharibi, unakutana na Kisandawe na Kihadza, lugha zenye vidoko. Wanaisimu kama Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse wameliona eneo hili kuwa ukanda mmoja wa mguso wa lugha, ambamo lugha zisizo na asili moja zimeazimana sauti, maneno na miundo kwa muda mrefu.

Jambo ambalo halijasisitizwa sana ni kwamba lugha zilizoazimana maneno ziliazimana pia ishara. Katika Kidatooga, jina la Mungu, Aseeta, linahusiana na jua. Uhusiano huo unajulikana pia miongoni mwa Wakalenjin wa Kenya, ambao lugha zao ni za tawi hilohilo la Kinailoti. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, wanaozungumza lugha za Kibantu, Ruwa ni jina la Mungu na ni jua. Kwa hiyo, Kiiraqw hakiko peke yake kinapotumia neno moja, Looaa, kwa jua na kwa Mwenyezi. Kiswahili ndicho kinachoonekana kuwa mgeni katika suala hili, na ugeni huo una historia yake, kama itakavyoelezwa baadaye.

Historia fupi ya ukusanyaji

Masimulizi ya eneo hili yaliingia katika maandishi kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na lugha yake ya kupitia. Awamu ya kwanza ilikuwa ya Wajerumani. Mwaka 1930 Martin Heepe alichapisha matini za Kifiome, jina ambalo Wajerumani walilitumia kwa Kigorowa, zilizosemwa na Jumbe Dodo wa Gorowa. Katika miaka ya 1930 Paul Berger alikusanya matini za Kiiraqw, lakini zilikaa miongo mingi kabla ya kuonekana: zilitolewa mwaka 1998 huko Köln, zikiwa zimehaririwa kwa ushirikiano na Kießling. Katika awamu hiyo lengo la kwanza lilikuwa isimu. Kisa kilikuwa chombo cha kupatia sarufi.

Awamu ya pili ilikuwa ya wasomi wa Tanzania huru. W. D. Kamera alichapisha hadithi za Wairaqw kwa Kiingereza mwaka 1976 na kwa Kiswahili mwaka 1978, na akaandika pia kuhusu slufay, utanzu wa dua na baraka ambao mzee huutamka mbele ya kusanyiko nalo likamwitikia. Hapa lengo lilikuwa fasihi na taifa: hadithi za kabila moja zilipaswa kuwa mali ya Watanzania wote, na Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango.

Awamu ya tatu ni ya uwekaji kumbukumbu wa lugha. Sarufi ya Kiiraqw ya Mous ilitoka mwaka 1993, na kamusi aliyoiandaa pamoja na Martha Qorro na Kießling ikatoka mwaka 2002. Kigorowa nacho kimepata kazi za Andrew Harvey, ikiwamo tasnifu yake ya mwaka 2018 na rekodi za sauti na picha zilizohifadhiwa katika hazina ya lugha zilizo hatarini. Kwa mara ya kwanza mtafiti anaweza kusikia sauti ya msimulizi na kuona neno lake kando ya tafsiri.

Tofauti ya awamu hizi si ya miaka tu. Katika awamu ya kwanza na ya tatu neno la asili lilibaki ukurasani, ijapokuwa lilisomwa na wataalamu wachache. Katika awamu ya pili, ambayo ndiyo iliyomfikia msomaji wa kawaida, ilikuwa lazima neno la Kiswahili lishike nafasi ya neno la asili. Msomaji wa kawaida na ishara kamili hawakukutana.

Kisa cha Guser-Twalay

Kisa kinachosimama katikati ya visakale vya Wairaqw ni kile cha kuondoka Guser-Twalay. Yapo matoleo mengi, na wasimulizi hutofautiana katika majina na mfuatano wa matukio. Uti wa mgongo wake, hata hivyo, unatambulika. Watu waliishi Guser-Twalay chini ya uongozi wa Haymu Tipe. Ukazuka mvutano kati ya kiongozi huyo na kundi la vijana. Vijana wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakamficha msituni, wakadai waletewe adui wa kupigana naye; la sivyo, mtoto angeuawa. Haymu Tipe akawaomba Wabarabaig waje wapigane na vijana wale. Vita vikawa vikali na damu nyingi ikamwagika. Mwisho wake, Haymu Tipe akatoroka na mkewe na mwanawe hadi kwenye msitu ulio magharibi ya Ziwa Manyara. Vijana waliosalia wakafuata, lakini njia zikaachana. Na waliobaki wakafika katika nyanda za juu za Mbulu, mahali panapoitwa Irqwar Da'aw, ambapo Wairaqw wanapatambua kuwa kitovu chao.

Kisa hiki kimekuwa kikisomwa zaidi kama ushahidi wa historia: nani alihama, kutoka wapi, lini. Usomaji huo una faida, lakini unaruka jambo lililo wazi kwa msikilizaji, nalo ni mpangilio wa ndani na nje. Mwana anatolewa nje, msituni. Ili arudi ndani, baba anamwingiza ndani adui aliyekuwa nje. Adui akishaingia, watu wote wanalazimika kutoka nje, na wanaishia msituni, mahali palepale pa aina ileile ambapo mtoto alikuwa amefichwa. Msitu unaonekana mara mbili. Mara ya kwanza ni gereza la mmoja. Mara ya pili ni kimbilio la wengi. Kosa la vijana linarudishwa kwao kwa sura iliyokuzwa.

Mpangilio huo unapata uzito zaidi ukiwekwa kando ya desturi ambazo Robert Thornton alizieleza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1980. Wairaqw wa Irqwar Da'aw waliigawa nchi katika maeneo ya kiibada yanayoitwa aya, kila moja likiwa na mpaka wake, na usalama wa watu ulitegemea mpaka huo kulindwa kwa matambiko. Mtu aliyepatwa na hali iliyohesabiwa kuwa ni uchafu wa kiibada, kwa mfano kufiwa au kupata mimba nje ya taratibu, alitengwa kwa muda asichanganyike na wengine. Katika ulimwengu kama huo, nje si upande tu wa ramani. Kumpeleka mtoto msituni ni kumtoa katika ulinzi wa aya, na kumkaribisha adui ndani ni kuutoboa mpaka kwa mkono wa yule aliyepaswa kuulinda.

Tahadhari ya kihistoria ni lazima hapa. Wasimulizi wa kisa hiki ni watu waliokwisha kukaa Irqwar Da'aw, na mfumo wa aya waliousimulia ni wa makazi yao mapya. Si halali kudai kwamba watu wa Guser-Twalay walikuwa na mipaka ya namna hiyo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba msimulizi aliitazama zamani kwa macho ya mpaka alioujua, na kwamba kisa kinaeleza zaidi thamani ya mpaka huo kuliko mahali ilipopiganwa vita. Kwa maana hiyo ishara nayo ni ushahidi wa historia, ila ni historia ya wasimulizi.

Jua: neno moja na mawili

Katika Kiiraqw, kama ilivyokwisha kusemwa, Looaa ni jua na ni Mwenyezi. Zaidi ya hayo, neno hilo ni la jinsi ya kike. Kiiraqw ni lugha yenye jinsi za kisarufi, na upatanisho wa sentensi nzima hufuata jinsi ya nomino. Looaa huwaziwa kama mama mwema, mtoaji wa mvua na uzao. Kinyume chake ni neetlaangw, nguvu ya chini ya ardhi inayokaa kwenye chemchemi na mito, ambayo mara nyingi husawiriwa kuwa ya kiume na ya kutisha. Juu na chini, mama na dume, mwanga na maji yenye giza: jozi hizi huonekana tena na tena katika visa na katika dua.

Mtu anaposimulia kwa Kiiraqw kwamba asubuhi Looaa alitokeza, sentensi moja inabeba mambo matatu kwa pamoja: kumekucha, Mwenyezi anaona, na mama yupo. Msimulizi hahitaji kuyaeleza. Ikiwa jana kisa kilisema watu walimwomba Looaa na leo kisa kinasema Looaa alitokeza, kamba iliyoviunganisha visa hivyo viwili ni neno lenyewe.

Kiswahili hakina budi kuchagua. Jua likichomoza, upatanisho ni wa ngeli ya LI-YA, ngeli ya vitu kama jiwe na jicho. Mungu akiona, upatanisho ni wa ngeli ya A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai na utashi. Mfasiri akiandika kwamba jua lilichomoza, amempoteza Mwenyezi. Akiandika kwamba Mungu alitokea, ameipoteza asubuhi. Na kwa vyovyote vile amempoteza mama, kwa kuwa kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakibagui mwanamke na mwanamume. Hata mfasiri mwaminifu kabisa atasema jua katika ukurasa mmoja na Mungu katika ukurasa mwingine, kila mara akiwa sahihi, na msomaji hatatambua kwamba amekutana na kitu kilekile mara mbili.

Mgawanyiko huu si udhaifu wa Kiswahili. Ni matokeo ya historia yake. Lugha iliyokulia katika miji ya pwani iliyokwisha kupokea Uislamu, na baadaye ikatumiwa na wamisionari wa Kikristo, ilikuwa na sababu nzito ya kutenganisha Muumba na kiumbe. Kuliita jua Mungu ni jambo ambalo mafundisho ya dini hizo mbili yanalikataa. Kwa hiyo maneno mawili ya Kiswahili yamebeba hoja ya kiitikadi ambayo mfasiri anairithi bila kuijadili. Anaposimulia kisa cha Kiiraqw kwa maneno hayo, anakisimulia ndani ya ulimwengu ambamo mjadala kuhusu jua umekwisha kuamuliwa.

Hasara haiishii kwenye jina la Mwenyezi. Katika jina Irqwar Da'aw, neno da'aw lina maana ya mashariki, upande jua linakotokea. Safari iliyoanza kwa damu na kupita msituni inaishia mahali penye mashariki ndani ya jina lake. Kwa msikilizaji wa Kiiraqw, mwisho wa kisa unaitikia jina la Looaa. Kwa msomaji wa Kiswahili, jina hilo ni jina la mahali tu, sawa na lingine lolote. Na mara nyingi halitajwi kabisa, kwa kuwa eneo hilo hujulikana kwa majina ya kiutawala kama Kainam.

Maji: kutoka mahali hadi shetani

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili amezoea maji yanayotamaniwa. Kisima, mvua na mto huashiria uhai, rehema na utakaso. Katika masimulizi ya eneo la Babati, maji yana nyuso mbili. Mvua hutoka juu, kwa Looaa, na ni baraka. Chemchemi na vijito hutoka chini, nako anakaa neetlaangw. Mtu huyakaribia maji hayo kwa hadhari. Kwa wakazi wa mji wenyewe jambo hili si geni. Ziwa Babati huwapa samaki na maji, lakini lina viboko, na mvua zikizidi hufurika kuelekea makazi ya watu. Maji yanayolisha ndiyo yanayotisha.

Neetlaangw anapoingia katika Kiswahili, maneno yanayokuwa karibu ni shetani, pepo na jini. Kila moja linaleta mzigo wake. Shetani ni mpinzani wa Mungu na mshawishi wa maovu. Ana nafasi katika mafundisho, lakini hana makazi katika kijito fulani kilicho nyuma ya shamba fulani. Pepo humpanda mtu. Lengo la neno hilo ni mwili wa mgonjwa. Jini lina hadithi zake za bahari na za hazina. Hakuna hata moja linalolazimisha msomaji awaze maji. Hivyo, msichana wa kisa akienda kuchota maji na kisa kingine kikasema mtu alipatwa na shetani, msomaji hana sababu ya kuhusisha mambo hayo, ilhali kwa msikilizaji wa asili tukio la kwanza lilikwisha kuwa onyo.

Kiswahili cha zamani, hata hivyo, kina neno ambalo lingesaidia. Mzimu, katika matumizi ya pwani yaliyorekodiwa na kamusi za zamani, ni mahali pia: pango, mbuyu au chemchemi ambapo nguvu zisizoonekana huombwa na kupewa sadaka. Neno hilo linaunganisha nguvu na mahali pake, jambo ambalo shetani haliwezi. Kulitumia si kusema kwamba neetlaangw na mizimu ya pwani ni kitu kimoja; ni kuhifadhi uhusiano wa kiumbe na makazi yake, ambao ndio unaoifanya ishara irudi kila maji yanapotajwa. Mfano huu unaonesha kwamba mgawanyiko wa ishara si hukumu isiyokatiwa rufaa. Mara nyingine suluhisho limo ndani ya Kiswahili chenyewe, katika tabaka la msamiati ambalo lugha ya vitabu vya shule imeacha kulitumia.

Mwanga kutoka pwani: mwana na kisima cha Liyongo

Ulinganisho na utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 na kuhaririwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999, unasaidia kuona kinachotokea pale ambapo mfululizo wa ishara haujavuka mpaka wa lugha. Mtawala wa Pate anashindwa kumuua Liyongo kwa nguvu, basi anamrubuni mwanawe kwa ahadi za ndoa na cheo. Mwana anarudi kwa baba, anapata siri, na kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakwenda hadi kisimani, anapiga goti akiwa ameshika upinde, na hapo anakufa. Watu wa mji hawathubutu kuyasogelea maji kwa kudhani kuwa yu hai, hadi mwili unapoanguka.

Mifanano na kisa cha Guser-Twalay ni mingi kuliko inavyotarajiwa kwa jamii zilizo mbali hivyo. Katika visa vyote viwili mwana ndiye mlango ambao maangamizi yanapitia kumfikia baba. Katika vyote viwili adui wa nje hana uwezo mpaka mtu wa ndani amfungulie. Tofauti ni kwamba Gemakw ni mateka asiye na hatia, na baba ndiye anayefungua mlango kwa kumpenda mwanawe. Ilhali mwana wa Liyongo anaufungua mwenyewe kwa tamaa. Kisa cha pwani kinahukumu usaliti. Kisa cha bara ni kigumu zaidi kukihukumu, kwa sababu kosa limetokana na upendo wa mzazi na jeuri ya vijana kwa pamoja, na hakuna mkono mmoja wa kuukata.

Haidhaniwi hapa kwamba kisa kimoja kimetokana na kingine. Mwana kama mlango wa maangamizi ni taswira inayopatikana katika tendi za mataifa mengi. La muhimu ni namna ya kuitambua. Msomaji wa utendi wa Liyongo anakutana na maneno ya utendi katika lugha yake, ijapokuwa ni lahaja ya kaskazini, na anaweza kufuata mwana, sindano na kisima toka beti hadi beti. Wahakiki wameandika mengi kuhusu ishara hizo kwa sababu maneno yake yapo. Kisa cha Haymu Tipe hakijapata uhakiki wa kiasi hicho katika Kiswahili, na ni rahisi kudhani kwamba ni kwa sababu hakina kina. Ukweli ni kwamba kimefika kikiwa kimefanywa muhtasari, na muhtasari hutunza matukio ukatupa marudio, kwa kuwa marudio huonekana kuwa ni maneno ya ziada.

Hitimisho

Zipo hoja za kupinga msimamo wa makala hii, na zinastahili kupimwa. Ya kwanza ni kwamba mhakiki anayetafuta ujirudiaji ataupata popote. Jua, maji na njia vimo katika hadithi zote za dunia. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu uchambuzi uliotangulia umeegemea neno na desturi mahususi, si vitu kwa ujumla wake. Jua kuwamo katika kisa si ushahidi wa kitu. Neno moja kubeba jua, Mwenyezi na umama, kisha kuitikiwa na jina la makao mapya, ni ushahidi unaoweza kukaguliwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Bila Kiswahili, kijana wa Kirangi au wa Kibarabaig mjini Babati asingekijua kisa cha Haymu Tipe hata kidogo, na hata baadhi ya vijana wa Kiiraqw na wa Kigorowa waliokulia mjini wasingekijua. Hasara ya ishara ni bei iliyolipwa ili kisa kiendelee kuishi. Hilo halikanushwi. Linalokanushwa ni dhana kwamba bei hiyo lazima iwe kubwa kama ilivyokuwa. Kubakiza jina Looaa katika matini ya Kiswahili, na kulipatanisha kila mara kwa namna ileile, ni jambo linalowezekana. Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kupokea majina magumu zaidi ya hilo. Kuchagua neno moja kwa neetlaangw na kulishikilia katika visa vyote ni jambo linalowezekana. Kueleza maana ya Irqwar Da'aw linapotajwa mara ya kwanza kunahitaji mstari mmoja.

Kazi hiyo ina haraka yake. Rekodi zilizopo zimehifadhi sauti za wasimulizi, lakini rekodi haimweleshi mtu asiyejua lugha, na wanaoweza kusikia neno katika kisa cha leo na kukumbuka kwamba walilisikia jana wanazidi kupungua. Mwanafunzi wa Babati anayesoma kisa hiki kwa Kiswahili ana haki ya kupewa zaidi ya orodha ya vita na uhamaji. Mtoto aliyefichwa msituni, jua lililokuwa mama na maji yenye mwenyewe vilipangwa na watu waliojua wanachokifanya. Akiachiwa maneno yanayojirudia, ataweza kuuliza mwenyewe kwa nini yamerudi.